Ndoo Moja ya Mipira, Faida Tele: Jinsi ya Kunufaika na Mazoezi ya Gofu

Mfikirie kijana wa Misikhu anayefanya kazi ya ukedi, yaani kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu na kuwashauri uwanjani. Wiki nzima amewatazama wengine wakipiga mipira. Siku yake ya kupumzika ikifika, anapanda matatu kuelekea Kitale akipitia Kamukuywa na Kiminini, mfukoni akiwa na nauli ya kwenda na kurudi na pesa za kukodi ndoo moja ya mipira ya mazoezi. Anafika, anashika draiva, ile fimbo ndefu kuliko zote, na kuanza kupiga kwa nguvu zake zote. Baada ya dakika 15 ndoo ni tupu, mgongo unauma, na hawezi kukuambia amejifunza nini. Amerudi nyumbani na jasho tu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yake na kwa kila mkazi anayeupenda mchezo huu au anayetaka kuuanza: mwalimu aliyestaafu, mfanyakazi wa ofisi anayehitaji kunyoosha viungo, mzazi ambaye mtoto wake ameonyesha kipaji. Uwanja wa mazoezi ya kupiga mipira, ambao wachezaji huuita renji, unaweza kukujenga haraka. Unaweza pia kukugharimu pesa nyingi bila faida. Tofauti iko katika jinsi unavyoutumia.

KWA NINI JAMBO HILI NI LETU PIA

Watu wengi huona gofu kuwa mchezo wa matajiri wa Nairobi. Kwa kiasi fulani ni kweli kwamba vifaa vyake ni ghali. Hata hivyo, eneo letu la magharibi na kaskazini mwa Bonde la Ufa lina viwanja vya gofu vya muda mrefu: Kitale, Eldoret, Kakamega na Mumias. Viwanja hivyo vimewapa riziki makedi, wakata nyasi, mafundi wa mashine na wapishi.

Vilevile vimetoa wachezaji. Dismas Indiza, mchezaji wa kulipwa kutoka Mumias, amekuwa miongoni mwa Wakenya wanaoshiriki mashindano ya Kenya Open kwa miaka mingi. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967, na mwaka 2019 yaliingia katika ratiba kuu ya gofu ya Ulaya. Mhispania Seve Ballesteros, aliyekuja kuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri zaidi duniani, aliyashinda mwaka 1978. Kwa hiyo kijana anayeanza na fimbo moja ya mtumba hayuko mbali na njia kama anavyodhani. Kinachomkwamisha mara nyingi ni mazoezi yasiyo na mpango.

KWANZA, HESABU NDOGO

Raundi kamili ya mashimo 18 huchukua takribani saa nne. Mchezaji wa kawaida anayepiga mapigo 90 kwa muda huo ana wastani wa zaidi ya dakika mbili na nusu kati ya pigo moja na jingine. Anatembea, anatazama upepo, anachagua fimbo, ndipo anapiga.

Sasa linganisha na yule kijana wetu. Ndoo ya mipira 50 iliyomalizwa kwa dakika 15 ni mpira mmoja kila sekunde 18. Hakuna mahali popote katika mchezo halisi ambapo utapiga namna hiyo. Mwili unazoea kitu ambacho hautakihitaji. Ukichukua saa nzima kwa mipira hiyo hiyo 50, unapata zaidi ya dakika moja kwa kila pigo, nawe hujaongeza hata senti.

Hesabu ya pili inawashangaza wengi. Uwanja ukisemwa kuwa na pa 72, maana yake ni kwamba mchezaji hodari anatarajiwa kuumaliza kwa mapigo 72. Hesabu hiyo inampa mapigo mawili ya kusukuma mpira kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, katika kila shimo. Mashimo 18 mara mawili ni 36. Nusu ya mapigo yote! Lakini tazama renji yoyote: watu wengi wamejipanga na draiva, na grini ya mazoezi iko wazi. Draiva yenyewe hutumika mara 14 hivi katika raundi nzima, kwa sababu mashimo mafupi hayaihitaji.

KABLA YA KUONDOKA NYUMBANI

Piga simu kwenye klabu kwanza. Uliza kama wageni wanaruhusiwa, saa za mazoezi, gharama ya mipira, na mavazi yanayokubalika. Klabu nyingi hazikubali fulana isiyo na kola wala suruali ya jinzi. Afadhali uulize kwa simu kuliko kurudishwa langoni baada ya kulipa nauli.

Usijisumbue kutafuta mfuko uliojaa. Sheria za gofu humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza anaweza kujifunza mengi kwa tatu: chuma namba 7, wedji ya kupiga mipira mifupi ya juu, na fimbo ya kusukumia mpira shimoni. Fimbo za mitumba zinafaa. Kagua tu mpini usiwe umelegea na ngozi ya kushikia isiwe imekauka hadi inateleza mkononi.

Beba maji ya kunywa, kofia, kitambaa cha kufutia mikono, na daftari ndogo na kalamu. Daftari hiyo itakusaidia kuliko fimbo mpya.

MPANGO WA MIPIRA 50

Ukishafika, igawe ndoo yako katika mafungu manne kabla hujapiga hata mpira mmoja. Yatenganishe chini kwa macho ili usijidanganye.

Fungu la kwanza: mipira 8 ya kupasha mwili moto. Kabla ya hiyo, tembea kwa dakika tano, zungusha mabega, pinda kiuno polepole kushoto na kulia. Kisha chukua wedji na upige nusu ya nguvu zako. Kwa sasa usijali mpira unaenda wapi. Unauamsha mwili tu. Anayeanza na draiva ilhali mgongo bado umelala anatafuta maumivu ya kiuno, na mkulima anayetegemea kiuno hicho hicho kupalilia mahindi kesho yake hana haja nayo.

Fungu la pili: mipira 17 ya kurekebisha jambo moja. Jambo moja tu! Huenda ni jinsi unavyosimama, au jinsi unavyoshika fimbo, au kumaliza pigo ukiwa umesimama imara. Ukijaribu kurekebisha mambo matano kwa siku moja, hutarekebisha hata moja. Tumia chuma namba 7 na upumzike kidogo baada ya kila mpira.

Fungu la tatu: mipira 17 ya kucheza uwanja wa kufikirika. Hapa usipige fimbo ile ile mara mbili mfululizo. Tutaeleza sababu hapa chini.

Fungu la nne: mipira 8 ya mwisho yenye mtihani. Chagua shabaha mbili, kwa mfano kibao cha mita 100 na mti fulani, na ujipangie upana ambao mpira lazima uangukie. Hesabu ngapi kati ya nane zimepita. Andika idadi hiyo kwenye daftari. Wiki ijayo ndiyo itakayokuambia kama unasonga mbele.

Kisha nenda kwenye grini ya mazoezi na umalizie hapo kwa dakika 20 au 30.

SHABAHA KWANZA, PIGO BAADAYE

Kosa linaloonekana zaidi kwenye renji ni kupiga mpira "kule mbele". Uwanja ni mpana na hakuna anayekuadhibu, hivyo kila pigo linaonekana zuri. Kwenye mchezo wenyewe kuna miti, mifereji na majani marefu yanayosubiri.

Kila mpira uwe na anwani yake. Simama nyuma ya mpira, tazama shabaha, kisha tafuta alama ndogo iliyo hatua moja mbele ya mpira kwenye mstari huo huo: jani kavu, au kipande cha udongo. Elekeza uso wa fimbo kwenye alama hiyo, halafu ndipo upange miguu yako. Ni rahisi kulenga kitu kilicho hatua moja kuliko kilicho mita 150.

Ukiweza, lete fito mbili zilizonyooka. Laza moja ikielekea shabaha, na nyingine sambamba nayo mbele ya vidole vya miguu. Wengi hushangaa kugundua kwamba kwa miezi mingi wamekuwa wakisimama wakielekea pembeni, kisha wakilaumu fimbo. Ondoa fito hizo baada ya mipira michache, kwa sababu kwenye mchezo huruhusiwi kuziweka chini wakati wa kupiga.

JEMBE NA FYEKEO

Wengi wetu tumekua na jembe mkononi, na mazoea hayo huja nasi renji. Jembe huinuliwa juu na kushushwa chini kwa nguvu za mikono. Ukipiga gofu hivyo, fimbo huchimba udongo na mpira husogea hatua chache.

Mfano ulio karibu zaidi ni fyekeo, lile la kukata nyasi kando ya barabara. Anayefyeka vizuri hatumii mikono peke yake. Kiuno huzunguka, uzito hutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na makali hupita chini kwa mkato mpana unaoendelea hata baada ya nyasi kukatika. Hakazi vidole kwa sababu angechoka kabla ya saa tano. Fimbo ya gofu nayo ishike hivyo: kwa uthabiti wa kutosha isiponyoke, lakini kwa ulaini kana kwamba umeshika kifaranga. Ukiona malengelenge kwenye viganja mapema, ni dalili kwamba unakaba fimbo kupita kiasi.

Angalia pia mpira unavyoruka. Mwelekeo unaoanza nao unatokana zaidi na upande ambao uso wa fimbo ulielekea wakati wa kugusa mpira. Mpira ukianza kulia kila mara, kagua uso wa fimbo na jinsi unavyoishika kabla ya kubadilisha kitu kingine chochote.

KWA NINI UCHANGANYE FIMBO

Mwaka 1979 watafiti wawili, Shea na Morgan, waliwafundisha watu kazi tatu za mkono za kuangusha vibao vidogo kwa mpangilio fulani. Kundi moja lilirudia kazi ya kwanza mpaka likaimaliza, likaenda ya pili, kisha ya tatu. Kundi la pili lilichanganya kazi zote bila mpangilio. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilionekana hodari zaidi. Lakini walipopimwa baadaye, kundi lililochanganya ndilo lililokumbuka vizuri zaidi.

Kwenye renji mambo ni yayo hayo. Ukipiga chuma namba 7 mara 30 mfululizo, kufikia mpira wa 20 utajiona bingwa, kwa kuwa kila pigo ni marudio ya lililotangulia. Kwenye mchezo hupewi nafasi ya pili. Kwa hiyo katika fungu la tatu, cheza shimo unalolijua. Piga draiva. Mpira ukienda kulia, jiulize: kutoka pale ningehitaji fimbo gani? Ichukue, badilisha shabaha, piga. Kisha wedji. Halafu anza shimo la pili. Utakosea mara nyingi kuliko ulivyozoea, na usivunjike moyo. Ugumu huo ndio unaokufundisha.

JUA UMBALI WAKO, NA HEWA YA KWETU

Muulize mchezaji mpya chuma chake namba 7 hufika wapi, naye atakutajia pigo bora zaidi la maisha yake. Kipimo cha kweli hupatikana hivi: piga mipira 10 kwa fimbo moja, ondoa miwili iliyokwenda mbali zaidi na miwili iliyobaki nyuma zaidi, kisha tafuta wastani wa ile sita ya katikati. Andika. Siku nyingine fanya hivyo kwa fimbo nyingine.

Kumbuka mambo mawili. Kwanza, mipira ya renji imechakaa na mara nyingi haifiki umbali wa mpira mpya, hivyo tumia vipimo hivyo kulinganisha fimbo na fimbo. Pili, Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi na haiuzuii mpira kama hewa ya pwani. Pigo la mita 150 kule Mombasa linaweza kuongezeka mita 10 hadi 15 hapa. Kijana akienda kushindana Nyali kwa vipimo vya Kitale bila kulijua hilo, mipira yake itaishia kabla ya kufika grini kila mara, naye atadhani amepoteza kipaji njiani.

MAZOEZI YASIYO NA GHARAMA

Kwa anayeishi Misikhu, renji ni ya mara moja kwa wiki au hata kwa mwezi. Kazi nyingi inaweza kufanyika nyumbani.

Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, yaani chini kidogo ya sentimita 11. Laza sakafuni mkebe wenye mdomo wa upana huo na usukume mpira kutoka hatua moja, kisha mbili, kisha tatu. Jiwekee masharti: mipira 10 mfululizo kutoka hatua moja kabla ya kulala, na ukikosa mmoja unaanza upya. Ule wa tisa na wa kumi utakufundisha kutuliza moyo.

Uani, weka beseni hatua kumi na ujaribu kudondoshea mpira ndani kwa wedji, kwa pigo fupi la mkono mtulivu. Tafuta mipira ya plastiki au ya sponji ikiwa kuna madirisha karibu. Jizoeze pia mzunguko wa fimbo bila mpira, polepole, mara 20 kila asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba.

USALAMA: USIKUBALI KUJADILIANA

Mpira wa gofu una uzito wa takribani gramu 46 tu, lakini ni mgumu, na ukipigwa vizuri kwa draiva unaweza kuondoka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Unaweza kuua. Kwa hiyo:

• Usipige mapigo marefu kwenye uwanja wa shule, malisho au kando ya njia ya watu, hata kama panaonekana patupu. Watoto hutokea ghafla.

• Kwenye renji, usivuke mstari wa kupigia kwenda kuokota mpira, hata ulio hatua mbili mbele. Mpira huo hauna thamani ya jicho lako.

• Kabla ya kuzungusha fimbo, tazama nyuma. Wapo wanaojeruhiwa kwa kupigwa na fimbo, si mpira.

• Usiwatume watoto kuokota mipira wakati watu wanapiga.

• Mpira ukielekea kwa mtu, piga kelele ya "Foo!" mara moja. Ukiisikia wewe, kinga kichwa kwa mikono na uiname. Usigeuke kutazama.

Jambo la radi linahitaji kusisitizwa. Huku kwetu mvua nyingi hunyesha alasiri na huja na ngurumo. Mtu aliyesimama uwanjani akiwa na fimbo ya chuma yumo hatarini. Ukisikia ngurumo, acha kupiga, weka fimbo chini na uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hata kwenye mashindano, sheria za gofu humruhusu mchezaji kusimamisha mchezo mwenyewe anapoona hatari ya radi, kwa hiyo hakuna ndoo ya mipira inayostahili kumaliziwa mvuani. Ni heri kufika renji asubuhi.

KWA WAZAZI NA MAKEDI

Mtoto anayejifunza asipewe fimbo ya mtu mzima isiyokatwa. Urefu na uzito wake humfundisha mkao mbaya ambao itachukua miaka kuuondoa. Mruhusu acheze michezo mingine pia, na mwendo wake uwe wa mchezo kabla haujawa wa mashindano.

Nanyi makedi, mna shule ambayo wengine huilipia. Kila siku mnatazama mapigo mengi kwa ukaribu, mnasoma grini, mnapima upepo. Katika baadhi ya klabu nchini makedi hutengewa siku ya kucheza, mara nyingi Jumatatu. Ulizeni kama ipo kwenu, na mfike mkiwa na mpango ulioandikwa. Mkufunzi au mwanachama atakayetaka kumsaidia kijana atamtazama kwanza yule mwenye daftari.

KABLA YA KUPANDA MATATU YA KURUDI

Kaa chini dakika tano. Andika mambo matatu: nimefanya nini vizuri, nimekosea wapi mara nyingi zaidi, na wiki ijayo nitashughulikia jambo gani moja. Andika pia idadi ya mipira iliyopita mtihani wa fungu la nne.

Yule kijana wetu wa Misikhu akifanya hivyo, nauli ni ile ile na ndoo ni ile ile. Ila safari hii, matatu ikipita Kiminini kuelekea nyumbani, anaweza kufungua daftari na kusoma: leo nne kati ya nane, wiki iliyopita mbili.